Koneksheni kibao, habari hakuna

Juzi kuna jamaa kwenye grupu letu la WhatsApp kabandika orodha ya majarida ya barua pepe anayosoma kila asubuhi kuhusu uwekezaji kwenye elimu, chini kaandika "ukisoma haya hupitwi na kitu". Watu wakamshukuru weee. Majarida yenyewe nayapata pia, na ukishasoma moja umeyamaliza yote: kampuni gani imechangisha raundi gani ya hela za wawekezaji, mwekezaji gani kaongoza, bosi kasema amefurahi sana, basi. Hayo ni matangazo jamani, tena raundi inakuwa imefungwa zamani na wa kujua walishajua.

Kinachoniudhi ni kwamba sisi watu wa VC, yaani tunaowekeza kwenye kampuni changa, hasa upande wa elimu, tumeaminishana eti kujua watu ndio kujua mambo. Mtu kila mwaka yupo ASU+GSV, mkutano wa teknolojia ya elimu kule San Diego, Januari yupo kwenye maonyesho ya Bett London, paneli zote kakaa, LinkedIn inamjua, ila ukimuuliza lini mara ya mwisho kaongea na mwalimu anayetumia hiyo programu aliyoiwekea hela anaanza "timu yetu inafuatilia data". Data ipi sasa? Si ile ile waliyotumiwa na kampuni yenyewe!

Chukua Byju's, kampuni ya India ya masomo ya mtandaoni. Mwaka 2022 ilipigiwa thamani ya dola bilioni 22, na mezani walikuwepo watu wenye koneksheni kuliko mimi na wewe na ukoo wetu wote. Wakati inachangisha kwa thamani hiyo, mahesabu ya mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 yalikuwa hayajatoka. Soma tena hapo. Yalikuja kutoka Septemba 2022, yakaonyesha hasara ya rupia zaidi ya bilioni 45, na Juni 2023 wakaguzi wao wa mahesabu, Deloitte, wakajiuzulu, wawakilishi wa wawekezaji wake Prosus, Peak XV na Chan Zuckerberg Initiative wakatoka kwenye bodi, mwaka uliofuata Prosus wakaandika thamani ya hisa zao sifuri. Sasa niambie, kujua kwamba mahesabu yamechelewa kunahitaji koneksheni gani?

Tatizo ni kwamba kwenye hii dunia yetu swali gumu lina gharama. Mwanzilishi wa kampuni ana marafiki, na hao marafiki ndio wa kukuita kwenye raundi ijayo, kwa hiyo ukiuliza sana unaonekana mkorofi, unaachwa nje. Basi kila mtu anamtazama mwenzake, fulani kaingia atakuwa kakagua, kumbe fulani naye kaingia kwa kuwa alisikia wewe umo. Halafu likishabumburuka wote wanaandika posti ndefu za "tuliyojifunza".

Chegg je, ile kampuni ya Marekani ya kusaidia wanafunzi kazi za masomo? Mei 2023 hisa zake zilidondoka karibu nusu kwa siku moja, baada ya bosi wao kukubali kwamba ChatGPT inawapunguzia wateja wapya. ChatGPT ilitoka Novemba 2022! Miezi yote hiyo mwanafunzi yeyote wa chuo angekwambia bure, tena anakucheka.

Uchina ndio usiseme. Mei 2021 kikao cha Xi Jinping kilishapitisha mwongozo wa kubana tuisheni, Julai ukatoka wenyewe, marufuku kutengeneza faida kwa masomo ya shule, na New Oriental, kampuni kubwa ya tuisheni ya huko, ikapoteza zaidi ya nusu ya bei ya hisa zake New York kwa siku moja. Watu wakasema wameshtukizwa.

Haya, nakubali kwa shingo upande, dili nyingi zinakuja kwa mtu kumtambulisha mtu, na mwanzilishi asiye na wa kumpigia simu anateseka kweli. Na kwenye korido za hiyo mikutano, watu wakishachoka na beji zao, ukweli kidogo huwa unapatikana. Ukumbini sahau.

Mimi siku hizi kabla sijafungua hata slaidi moja ya mwanzilishi anayeomba hela naomba majina ya shule zilizoacha kutumia programu yake, zinazotumia ntaziuliza baadaye. Kuna mwanzilishi nilimuuliza hivyo akakaa kimya, kisha akasema hilo hajawahi kuulizwa, na hapo ana wawekezaji tayari! Nikampata kwa simu mtu wa kompyuta wa shule mojawapo, akanielezea vizuri tu bila hata kulalamika: leseni walilipia za mwaka mzima, nywila zikagawiwa kwenye vikaratasi, baada ya wiki chache vikaratasi vimepotea na hakuna mwanafunzi wala mwalimu aliyekuja kuomba kingine. Mtu huyo hana jarida, hana podikasti, na hakuna aliyewahi kumtafuta.

Nikakataa dili. Hela mwanzilishi akapata kwa wengine fasta tu, na katika hao wengine hakuna hata mmoja aliyenipigia kuniuliza kwa nini nimejitoa, wakati namba yangu wanayo wote.