Mteja wa Mia na Moja

Miaka yote nimemwomba Mungu aniletee wateja, sasa namwomba awapunguze. Agizo la serikali linasema taasisi inayopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, mwisho wa kuni na mkaa ulikuwa Januari 31, 2024. Shule, magereza, vyuo, nawaelewa. Mimi nina kibanda cha chakula Buguruni, Dar es Salaam, mabenchi mawili na meza ambayo mguu mmoja ni tofali. Lakini juzi kaja kijana kavaa kizibao cha kung'aa, kitambulisho shingoni, kijimashine cha kupima hewa mkononi. Eti moshi wangu una chembe nyembamba kuliko unywele, zinapenya mapafu mpaka kwenye damu, na tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linataka zisizidi maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo, wastani wa mwaka. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa hata mchele sipimi, nakadiria." Hajajibu, daladala ikapita ikatema moshi mweusi, kachumbari yote ikabadilika rangi. Kijimashine kikapiga kelele. Akakielekeza kwenye jiko langu!

"Mzee, tumia gesi."

Nani kaikataa gesi? Mkaa wenyewe siku hizi unauzwa utadhani ni tanzanite, umechimbwa Mererani. Na macho ya mke wangu yamekuwa mekundu tangu tuoane, mashemeji wanajua namliza. Ila kuujaza mtungi wa kilo 15 ni zaidi ya elfu hamsini, na maharage yangu hayana haraka. Mtungi unakwisha, yenyewe bado yanagonga sufuria. Mishikaki ndiyo usiseme. Mteja akisikia imeivia kwenye gesi anainusa kwanza, anauliza kama humu ndani kuna mgonjwa.

Basi nimekuwa karani wa sensa. Wakifika tisini nakunja uso. Tisini na tano nazidisha chumvi makusudi. Tisini na tisa namchokoza mke wangu tugombane mbele za watu, na hilo halihitaji maandalizi.

Jana saa saba mchana, mia wametimia, nafunika sufuria, nani anatokea? Yule yule kijana. Kizibao hana, ana hotpoti. Anataka wali maharage wa ofisi nzima, na mishikaki "ile ya mkaa, mzee wangu."

Nikamuuliza, hili hotpoti nilihesabu mtu mmoja au kumi na wawili?

"Hilo tutalijadili. Weka na pilipili."