Usiamini jina la faili, soma baiti zake

Msimu wa basari ukifika, saiba za Kondele hapa Kisumu hujaa watu wa kupakia vitambulisho kwenye fomu za mtandaoni. Fomu ikidai PDF na mwombaji ana picha tu, jina hubadilishwa: kitambulisho.jpg inageuka kitambulisho.pdf. Mfumo unaipokea bila swali. Karani akija kuibofya, haifunguki, na mtoto wa watu anakosa karo.

Lawama hapo ni ya aliyeandika mfumo. Katika JavaScript, `file.type` haichunguzi kilichomo ndani. Kivinjari hukisia kwa herufi za mwisho za jina, na kisipozitambua hurudisha maandishi yasiyo na herufi hata moja (`""`). Kinachotakiwa ni mstari mmoja wa kusoma baiti 12 za mwanzo wa faili:

`const b = new Uint8Array(await faili.slice(0, 12).arrayBuffer());`

`slice` hukata kipande hicho, na ndicho pekee kinachosomwa, kwa hiyo hata simu ya bei nafuu haikwami kwa faili ya MB 200. Sasa linganisha na saini ya kila aina ya faili, yaani baiti za mwanzo zinazoitambulisha, hapa zikiandikwa kwa heksadesimali. JPEG huanza na FF D8 FF. PDF ni 25 50 44 46 2D, yaani `%PDF-`. PNG ina baiti nane: 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A. Zile 0D 0A na 0A ya mwisho ziliwekwa makusudi: programu ikivuruga alama za mwisho wa mstari wakati wa kutuma, saini inaharibika na unagundua mapema.

Wengi huteleza kwenye picha za WebP. Huanza na `RIFF`, lakini sauti za WAV na video za AVI pia huanza hivyo. Lazima uone `WEBP` kuanzia baiti ya 8, ukihesabu kutoka sifuri. Picha za HEIC za iPhone zina `ftyp` kwenye baiti ya 4, sawa na MP4, kwa hiyo soma nne zinazofuata: `heic` au `mif1`, kwa kawaida.

DOCX ni kazi nyingine. 50 4B 03 04 ni saini ya ZIP, na XLSX na APK zinayo vilevile, kwa hiyo ni lazima uchungulie majina yaliyo ndani, `word/` au `xl/`. Hapo tumia file-type, maktaba ya JavaScript ya kutambua aina za faili. Kwa fomu ya PDF na JPEG pekee, mimi nasema andika ukaguzi wako mwenyewe. Usimlipishe mwombaji bando kwa msimbo asiouhitaji. CSV na SVG ni maandishi tu, hazina saini ya kutegemea.

Rudia ukaguzi kwenye seva, maana yeyote anaweza kutuma faili bila kupitia ukurasa wako. Tena saini sahihi haithibitishi kwamba faili ni nzima: JPEG iliyokatika katikati bado huanza na FF D8 FF. Ifungue yote kwenye seva kabla ya kumwambia mwombaji imepokelewa.

Na ukikuta JPEG iliyoitwa PDF, usiikatae. Ipokee, igeuze kuwa PDF huko huko kwenye seva.