CRDB Lubumbashi: wakopaji wapo, amana zitatoka wapi?

Benki ya CRDB ya Tanzania ilipofungua kampuni tanzu Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 2023, hoja iliyotawala Dar es Salaam ilikuwa kwamba mzigo wa Katanga, eneo la migodi lenye mji huo, unapita bandarini kwetu, mwenye mzigo anazungumza Kiswahili, basi benki imfuate mteja wake. Hoja hiyo ina ukweli mwingi, ila inatazama mikopo tu. Benki ngeni mjini huumia zaidi kwenye amana, yaani fedha ambazo wateja huweka benki.

Tuanze na ukweli wake. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayeingiza matairi kupitia Dar es Salaam anadaiwa dola na bandari, na wakala wa forodha, na mwenye lori. Akilipa kupitia benki isiyo na mguu Tanzania, fedha huzunguka kwenye benki wakala ya nje (benki ya tatu inayopitisha dola kati ya benki mbili), mara nyingi New York, na kila kituo kina ada yake na maswali yake. Kongo iliingizwa Oktoba 2022 kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji fedha, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, kwa hiyo maswali ni mengi. Wakati huo kontena linaendelea kulipishwa gharama za kuhifadhiwa. Akaunti zote mbili zikiwa ndani ya kundi moja la benki, malipo yanaweza kumalizika siku hiyohiyo, mradi kila upande una dola zake.

Mtaji nao umegawanywa vizuri: CRDB ina asilimia 55, Norfund ya Norway na IFU ya Denmark, mifuko ya uwekezaji wa maendeleo ya nchi hizo, asilimia 22.5 kila moja. Hasara ikitokea, mwanahisa wa Dar es Salaam haibebi peke yake.

Ila biashara nono kuliko yote naiona kwa wakandarasi wadogo wa migodini, yaani kampuni zinazopewa na migodi sehemu ya kazi zake. Sheria ya Kongo ya Februari 2017 inataka kazi hizo zipewe kampuni ambazo Wakongomani wana hisa nyingi zaidi. Kampuni hizo zina kazi, lakini hazina fedha za kusubiri malipo. Chukua mkandarasi mwenye ankara ya dola 100,000 itakayolipwa baada ya siku 90. Benki ikimpa asilimia 70 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inapata dola 2,100. Kama dola hizo yenyewe imezinunua kwa asilimia 6, yaani riba inayowalipa wenye amana, inabaki na 1,050, kabla ya mishahara na pango. Ankara moja ya 70,000 ikipotea yote, imemeza faida ya karibu ankara 67 zilizolipwa vizuri.

Na zinapotea kwa njia zinazojulikana. Ankara ileile imewekwa rehani benki mbili. Mgodi haujakubali kazi iliyofanyika. Au, kosa la kawaida kabisa, mgodi unalipa kwenye akaunti ya zamani ya mkandarasi kwa sababu hakuna aliyeupa maelekezo mapya. Kinga yake ni barua ya mgodi wenyewe, inayothibitisha deni na kuahidi kulipa akaunti moja isiyobadilishwa bila idhini ya benki. Bila barua hiyo, fedha zisitoke.

Sasa hiyo asilimia 6. Benki za Rawbank, EquityBCDC na TMB zimetangulia Kongo. TMB ilizaliwa Lubumbashi mwaka 2004, na KCB ya Kenya ilinunua asilimia 85 yake Desemba 2022. Benki iliyokaa mjini muda mrefu ina akaunti za mishahara, yaani dola zinazolala bila kudai riba kubwa. Anayekuja nyuma hununua amana za muda maalumu kwa bei ya juu, kisha anapokea wakopaji ambao wengine wamewachunguza na kuwakataa. Mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, ya benki changa huanzia hapo.

Hata noti yenyewe ina gharama. Kongo, noti ya dola yenye mpasuko mdogo pembeni hukataliwa sokoni, hata kama ya faranga iliyochakaa inapokelewa. Keshia akiipokea bila kuigeuza pande zote, mteja anayefuata atairudisha dirishani.

Halafu kuna utegemezi wa madini na njia chache. Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti (madini ya betri) nje Februari 2025, ikaja na mgao wa tani kuanzia Oktoba. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo wa Kasumbalesa kwa siku chache kutokana na mzozo wa bia na soda, na malori yakasimama. Reli ya Lobito, bandari ya Angola, nayo inavuta shaba kuelekea Atlantiki, mbali na Dar es Salaam. Benki iliyojaza wasafirishaji wa barabara ya Dar es Salaam pekee itaumia mambo hayo yakija pamoja.

Kwa maoni yangu, kwenda Lubumbashi ni uamuzi sahihi, lakini lugha na bandari havitoshi kuulipia. Njia ya kupata amana nafuu ni kumfadhili mkandarasi kwa sharti kwamba mishahara ya wafanyakazi wake ipite benki hiyo. Hapo mkopo mmoja unaleta akaunti mia. Sharti hilo lina ubaya wake: mgodi ukisimama, mkopo unakwama na amana zinachotwa mwezi huohuo. Ndiyo maana kikomo kiwekwe kwa kila mgodi unaolipa, wala si kwa mkandarasi tu: wakandarasi kumi wa mgodi mmoja wahesabiwe kama mkopaji mmoja.