Barua ya Bosi kwa Mgeni

Bosi wetu hapendi barua zake ziguswe. Nilipomwomba niipitie ile ya mgeni kabla haijatumwa, aliniambia, "Kijana, Kiingereza nimekisoma kabla hujazaliwa. Kazi yako ni kumpokea mgeni." Nikasema sawa, mzee.

Mgeni, Mwingereza wa makamo, aliteremka uwanja wa ndege akiwa ameshika barua kama hati ya mashtaka. Akaniuliza kama msaidizi anayetajwa humo ni mimi. Nikaisoma.

"My assistant will pick you at the airport." Hapo palikuwa na nafuu. "Pick" bila "up" ni kuchagua tu, yaani nisimame pale nichague abiria atakayenipendeza.

"He will put you down at the hotel." Kumshusha mtu kwenye gari ni "drop off". "Put down" wapo madereva wanaoisema, ila Mwingereza akiisikia anaweza kumkumbuka kwanza mbwa mzee anayepelekwa kwa daktari wa mifugo akachomwe sindano ya mwisho.

"On Monday he will run you over." Bosi alikusudia tupitie ratiba harakaharaka, "run over the programme". Ikifuatwa na ratiba, unaisoma. Ikifuatwa na mtu, umemgonga na gari. Na gari lenyewe ndilo nililokuwa nimemfungulia mlango.

Kisha ikaja hii: "At the weekend my wife and I will be happy to put up with you." Kumpa mgeni malazi ni "put you up", na "you" inakaa katikati. Ukiweka "with", maneno matatu yanagandana, hakuna kinachopenya kati yao, na maana inakuwa kumvumilia mtu anayekukera. Mgeni alicheka hadi akaegemea gari. Alisema hajawahi kupata mwenyeji mkweli namna hiyo.

Chini kabisa: "Do not worry about your documents, I have overlooked them all." "Look over" ni kukagua. Geuza vipande vilevile viwili, upate "overlook", na nyaraka hazijaonwa na mtu.

Shida ni kwamba haya ni maneno ya darasa la tatu: put, run, look, pick. Nani afungue kamusi kutafuta "put"? Atakayefungua asiishie maana ya kwanza. Ashuke hadi mwisho wa kidahizo, yaani neno na maelezo yake yote kwenye kamusi, huko ndiko kamusi nyingi hurundika "put off", "put out" na ndugu zao, kila moja na mfano wake. Kwenye mfano atazame "it" imekaa wapi: husemwa "put it off", haisemwi "put off it". Na tusilalamike sana, sisi tunaopiga pasi, tunaopiga mswaki na kupiga simu bila kumuumiza mtu.

Mgeni alipokwisha kurudi kwao, bosi alimwandikia barua ya shukrani, akaituma mwenyewe. Kupita kusalimia watu ni "drop by", "pass by" ni kupita tu; "pass away" ni kufariki. Bosi aliandika: "Thank you for passing away. Please do it again next year."

Jibu lilikuja siku hiyohiyo: atajitahidi.