Boksi tunabeba, lakini msituchonganishe na wenzetu

Kwenye magrupu ya familia haipiti wiki bila mjomba kuwaandikia wanafunzi wa vyuo Tanzania wanaoishi kwa bumu, yaani mkopo wa serikali: "Wenzenu Ulaya wanasoma huku wanafanya kazi, nyie mnasubiri bumu tu." Hao wenzenu ndio sisi. Mimi nasoma Leipzig, Ujerumani, na usiku napanga vifurushi ghalani. Ndiko kubeba boksi kwenyewe hasa, yaani kazi za sulubu za ughaibuni. Na huo ulinganisho nauona si wa haki.

Mwanafunzi wa huku anauza saa zake za kazi. Mkataba wangu ni wa saa 20 kwa wiki, na muhula ukiendelea ndio mwisho huo, ukizidisha unaanza kugombana na bima, maana unapoteza nafuu ya mwanafunzi. Tangu Januari 2026 kima cha chini ni yuro 13.90 kwa saa. Sisi tuliotoka nje ya Umoja wa Ulaya tumewekewa na ukomo wa mwaka: siku nzima 140, au nusu siku 280. Msimamizi akitaka nibaki, namwambia saa zangu zimeisha, naondoka.

Sasa mtume kijana wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatafute kazi ya hivyo Sinza. Kibanda cha uwakala wa pesa kinamtaka toka asubuhi mpaka usiku wa manane. Steshenari hivyo hivyo. Amri ya mishahara Tanzania ina kima cha saa, kimeandikwa kabisa, ila bosi wa Kariakoo anayelipa kwa saa mimi bado sijamwona. Zinabaki tuisheni na kuuza mitumba hosteli, na wanaoziweza nawavulia kofia.

Halafu kuna ratiba. Mlimani, CR, yaani kiongozi wa darasa, anatuma ujumbe usiku: kipindi cha Alhamisi kimehamia Jumamosi, na kuna testi. Koswaki, yaani testi na kazi za muhula, ina alama 40, mtihani 60. Ukikosa testi mbili kwa ajili ya zamu, supu, yaani mtihani wa marudio, inakusubiri. Huku masomo yangu mengi yana mtihani mmoja tu mwisho wa muhula, na darasani hakuna anayeita majina. Nafasi ya zamu inatokea hapo.

Na watu wanazama hapo hapo. Unatoka ghalani saa kumi na mbili asubuhi, umesimama kwenye tramu mgongo unauma, unajiambia ulale kidogo kisha uende kipindi cha saa tano. Unaamka saa nane mchana. Hakuna aliyekutafuta. Wiki ijayo vivyo hivyo, mpaka Februari na mitihani yake. Vyuo vingi hapa, ukifeli somo la lazima mara ya tatu, umedisko, yaani umeondolewa chuo. Mbongo mmoja tuliyeanza naye alikuwa na hela kutushinda wote mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hakuwa na chuo.

Tena boksi halimsomeshi mtu kutoka sifuri. Kupata viza unaonyesha kwanza yuro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, unatolewa 992 kwa mwezi. Mshahara wa zamu unatosha chumba na chakula kwa sababu vyuo vingi vya serikali hapa havitozi ada. Tungelipa ada za Uingereza, tungebeba maboksi mpaka uzeeni.

Kwa hiyo mjomba, kabla hujamsema mwanao anayehesabu elfu kumi kumi za bumu, mtajie mtu mmoja mtaani kwenu atakayemwajiri Jumatatu na Jumatano jioni tu. Wewe si una duka?