Chemba ya Oksijeni Haikuwa Tatizo Letu

Mama mdogo aliamka asubuhi moja, akapokea simu kwa sikio la kushoto kama kawaida yake, akadhani mtandao umekata. Alipoihamishia kulia, mtu alikuwa anaongea. Duka la dawa wakampa matone ya kulainisha nta. Wiki ya pili, matone mengine. Anafika kwa daktari wa masikio, siku 24 zimeshapita na sikio linavuma kama friji kuukuu.

Hapo ndipo ndugu wa ughaibuni wakaanza kutumiminia video za chemba ya oksijeni, tiba ya sikio la ndani linalozima ghafla: unafungiwa humo, unavuta oksijeni tupu kwa shinikizo mara mbili au mbili na nusu ya hewa ya kawaida, dakika 90 hivi, kila siku, mara kumi hadi ishirini. Kundi la familia likageuka kamati ya harambee.

Sina ugomvi na chemba. Seli za sikio la ndani zinahitaji oksijeni nyingi, na shinikizo huifanya iyeyuke zaidi kwenye damu. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa 2019 unairuhusu, lakini usomwe wote: ni pamoja na steroidi (dawa za kutuliza uvimbe), ndani ya wiki mbili tangu sikio lizime, au kama jaribio la kuokoa usikivu ndani ya mwezi. Tena ni hiari, si lazima. Na hizo shuhuda za video? Wapo wanaopona wenyewe bila dawa yoyote.

Sisi tulikuwa tunachangishana pesa za ndege huku mwezi huo umebakiza siku sita. Prednisolone, steroidi ambayo daktari angemwandikia wiki ya kwanza, ni vidonge vya bei ndogo. (Msikimbilie kuvinunua wenyewe, mwenye kisukari vitampandisha sukari.)

Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyemwambia avume. Fumba mdomo, vuma "mmm". Sauti ikielemea sikio bovu, huenda ni nta tu. Ikikimbilia sikio linalosikia, shaka iwe kwenye sikio la ndani au neva yake, na hapo unatafuta kipimo cha usikivu siku hiyo hiyo. Mama mdogo alivuma jikoni, mwiko mkononi, siku ya 25. Sauti yote ilikwenda kulia.

Steroidi alipewa hata hivyo, akarudishiwa usikivu kidogo. Siku hizi kwenye daladala anagombania kiti cha dirishani upande wa kushoto, ili jirani amkae kulia.