Damu ya mapafu kwa MRI: lini uiamini namba, lini uirudie

Kwa kawaida pafu la kulia hupokea takriban asilimia 55 ya damu itokayo ventrikali ya kulia (chumba cha moyo kinachosukuma damu mapafuni), na la kushoto asilimia 45. Tawi moja la ateri ya mapafu likibana, mgawanyo huo huvurugika, na daktari anayefikiria kulipanua anataka namba, si makisio. Kwa muda mrefu namba hiyo ilitokana na kipimo cha nyuklia: chembe za protini ya albumini zenye teknesi, elementi itoayo mionzi, hudungwa mshipani, zikanaswa kwenye kapilari za mapafu. MRI ya moyo, yaani picha zinazopigwa kwa sumaku, inaweza kuchukua kazi hiyo, na kwangu inastahili, ila kwa masharti.

Nguvu yake kubwa huonekana kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa Fontan, ambao vena kava zao (mishipa mikubwa inayorudisha damu ya mwili) zimeunganishwa moja kwa moja na ateri za mapafu. Damu ya mikononi na kichwani inaweza kuelekea zaidi pafu moja, ya miguuni jingine. Chembe zikidungwa mkononi, kipimo cha nyuklia kinaonyesha njia ya damu ya mkono tu. MRI hupima kasi ya damu yote inayopita kwenye mshipa, huizidisha kwa eneo la mshipa, kisha hujumlisha pigo zima la moyo. Mionzi haipo, hivyo mtoto anaweza kurudiwa mwaka hadi mwaka.

Lakini mashine hutoa namba hata ukiipanga vibaya. Kipande cha picha kikate mshipa kwa pembe ya nyuzi 90: kwa shina la ateri ya mapafu, katikati ya vali na panapogawanyika matawi. Kikomo cha kasi, yaani kasi ya juu ambayo mashine imepangwa kuisoma, kiwe juu kidogo ya kasi inayotarajiwa: sentimita 150 kwa sekunde hutosha shina lisilobana, ila palipobana huenda ukahitaji 300 au zaidi. Ukikiweka chini mno, katikati ya mshipa unaoonekana mweupe pichani hutokea doa jeusi, kana kwamba damu imegeuka nyuma. Ukikiweka juu mno, chengachenga humeza mikondo ya polepole, hasa ya vena.

Kosa linalonitia wasiwasi zaidi halionekani kwa macho. Mikondo ya umeme inayozaliwa ndani ya mashine huongeza kasi ya uongo hata kwenye nyama iliyotulia. Chukua ateri yenye eneo la sentimita 7 za mraba na kosa la sentimita 0.6 tu kwa sekunde: hizo ni mililita 252 kwa dakika, yaani asilimia 5 ya mtiririko wa lita 5 kwa dakika. Mapafu yakisomeka juu kwa asilimia 5, na aota (ateri kuu ya mwili) ikisomeka chini kwa asilimia 5, uwiano halisi wa 1.4 kati ya damu ya mapafu na ya mwili husomeka karibu 1.55. Uwiano wa 1.5 ndio unaotumika sana kuamua kama tundu kati ya atria, vyumba vya juu vya moyo, lizibwe, kwa hiyo kosa dogo hivyo linaweza kumpeleka mtu kwenye utaratibu asiouhitaji. Dawa ni kuweka mshipa katikati ya sumaku na kurudia kipimo kilekile, kwa mipangilio ileile, kwenye chombo cha jeli kisha kutoa tofauti.

Stenti ya chuma, kibomba cha kushikilia mshipa wazi, nayo hufuta ishara ya MRI ndani yake. Hapo pima shina na tawi la upande wa pili, utoe la tawi kwenye la shina, au pima vena za mapafu. Vena zina faida nyingine: damu inayoingia mapafuni kwa mishipa ya pembeni kutoka aota haipiti kwenye ateri za mapafu, ila hurudi kwa vena. Jumla ya vena ikizidi ya ateri, usikimbilie kusema kipimo kimeharibika.

Ukaguzi huu ndio hoja yangu kuu. Matawi mawili yajumlishwe yalingane na shina. Yasipolingana, rudia kabla mgonjwa hajashuka mezani. Kipimo cha nyuklia hakikupi nafasi hiyo.

Bado katheta, mrija unaoingizwa mshipani hadi moyoni kupima shinikizo, haiondoki. Ukinzani wa mishipa ya mapafu ni tofauti ya shinikizo ikigawanywa kwa mtiririko, na MRI hukupa mtiririko tu. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na shinikizo la juu mapafuni, wastani wa zaidi ya milimita 20 za zebaki, lazima apimwe kwa katheta, hata picha zake zikiwa safi namna gani.